Joginder Singh: Msomaji wa Barabara

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari, 1932, katika familia ya Masingasinga yenye asili ya Punjab. Kericho ya wakati huo ilikuwa nchi iliyogawanywa kwa rangi. Mashamba ya majani chai yalikuwa ya Wazungu na kampuni zao, juu ya ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis. Maduka na karakana yalikuwa ya Wahindi. Ni nchi ambayo mvua hunyesha karibu kila alasiri, na udongo wake mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni.

Ufundi wa magari aliupata katika karakana ya baba yake. Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuzunguka barabarani akiwasaidia waliokwama. Wasimulizi wengi hulipita jambo hili haraka, ilhali hapana shaka ndilo linalomfafanua Joginder. Kabla hajawa dereva wa mashindano, kazi yake ilikuwa kutazama magari ya wengine yalivyovunjika na kuelewa sababu.

Mashindano ya Safari, ambayo yalilichukua neno letu la Kiswahili na kulitangaza duniani, yalianza 1953. Yaliendeshwa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameanza au yamekaribia, kwa maelfu ya kilomita. Barabara hazikufungwa: dereva aliweza kukutana na basi, lori au kundi la ng'ombe kwenye kona. Mwaka 1963, na tena 1968, magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho.

Katika kandanda ya Kimarekani, mrushaji mpira hupewa sekunde mbili tatu za kuisoma safu ya wapinzani na kuamua ampe nani mpira. Mpinzani wa Joginder alikuwa ardhi yenyewe, na uamuzi wake ulikuwa wa namna hiyohiyo. Dimbwi lililo mbele lina sakafu ngumu au ni tope lisilo mwisho? Je, alama za magurudumu ya waliotangulia zifuatwe, au zinaelekea shimoni? Akipunguza mwendo, anapoteza dakika. Asipopunguza, huenda akapoteza ekseli na siku nzima. Wapo madereva waliokuwa na kasi kumzidi. Wachache walijua kama yeye ni lini kasi igeuke hasara.

Mwaka 1965, yapata miezi kumi na sita baada ya uhuru wa Kenya, alishinda Safari pamoja na ndugu yake, Jaswant, ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda. Hadi hapo madereva wote walioshinda walikuwa Wazungu. Kwa hiyo ushindi wa fundi wa Kisingasinga, mzaliwa wa nchi ya chai, haukuwa habari ya michezo pekee. Jamii yake ilikuwa ikijiuliza kama Kenya mpya ingeikubali, na umati uliomshangilia barabarani ulitoa jibu moja, ingawa siasa za miaka iliyofuata zilitoa pia majibu mengine.

Ushindi wa 1974 ndio unaoonyesha vizuri zaidi akili yake. Mvua ilikuwa kubwa. Joginder na msomaji ramani wake, David Doig, walikuwa na Mitsubishi Colt Lancer yenye injini ya lita 1.6, Björn Waldegård wa Sweden alikuwa na Porsche 911, gari lenye nguvu nyingi zaidi. Waldegård alimaliza wa pili. Kwa Mitsubishi huo ulikuwa ushindi wa kwanza katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Miaka miwili baadaye, 1976, Joginder na Doig walishinda tena, na Lancer zikashika nafasi zote tatu za mwanzo.

Ulimwengu ulimpa lakabu ya Singasinga Arukaye. Lakabu hiyo inapendeza, lakini inapotosha. Kati ya 1959 na 1980 alishiriki Safari mara 22, akafika mwisho mara 19, katika mashindano ambayo kwa kawaida walio wengi waliishia njiani. Anayeruka hapati hesabu kama hiyo.

Alifariki London tarehe 20 Oktoba, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, katika njia fupi zilizofungwa kando ya Naivasha.