Dk Williamson: Mkanada aliyekataa kuondoka hadi akaipata Mwadui

Ukitoka Shinyanga mjini kuelekea upande wa Mwanza, Mwadui haiko mbali. Wengi tunaijua kwa timu yake ya mpira. Lakini mji huo umekaa pembeni ya shimo, na shimo hilo lina mtu wake.

John Thorburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Quebec, Canada. Alikwenda Chuo Kikuu cha McGill akiwa na mawazo ya kusomea sheria. Safari moja ya kuangalia miamba ikamgeuza kabisa, akaishia kuwa daktari wa falsafa katika jiolojia.

Akaja Afrika kusini mwa bara, kisha Tanganyika, kwenye mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki. Kampuni iliyomwajiri ilipoukatia tamaa, wengine wakafungasha. Yeye akabaki. Alikuwa na malaria ya kumrudia rudia, mfuko mtupu na madeni. Aliamini tu kwamba almasi zile zilizotawanyika lazima zina chimbuko mahali fulani.

Machi 1940 akalipata. Wengine husimulia kuwa gari lilikwama, wengine kuwa ilikuwa chini ya mbuyu. Chagua unayoipenda. Lisilo na ubishi ni kwamba mwamba wa Mwadui una ukubwa wa takriban hekta 146, miongoni mwa mikubwa zaidi duniani kuchimbwa almasi.

Vita vya Dunia vilikuwa vinaendelea, mashine hazipatikani, pesa hakuna. Wakili wa Mwanza, I.C. Chopra, ndiye aliyesimama naye, akawa mbia. Kwa jasho la vibarua wa Kitanganyika, pori likageuka mji wenye hospitali, shule, umeme na uwanja wa ndege.

Oktoba 1947 ikatoka almasi ya waridi ya karati 54.5. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza iwe zawadi ya harusi. Ilipokatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Elizabeth aliivaa hadi uzeeni. Zawadi nzuri, ndiyo, ila wale walioichimba hawakuulizwa.

De Beers, waliokuwa wameshika sehemu kubwa ya soko la almasi duniani, walimtaka aingie kwenye mpango wao. Akavutana nao miaka kadhaa, na kuna wakati alizuia mawe yake yasiuzwe. Mtu mmoja wa Shinyanga, na wakubwa wa London na Johannesburg wanasubiri! Mwishowe walielewana kuhusu mauzo, lakini mgodi hakuuachia.

Hakuoa, hakuwa na mtoto. Alikuwa mpole, mpenda upweke, mvutaji mkubwa wa sigara. Saratani ya koo ikamshika, na Januari 1958 akafariki nyumbani kwake Mwadui, akiwa na miaka 50 tu.

Hapo sasa. Urithi ukaenda kwa ndugu zake Canada, nao hawakukawia. Mwaka huohuo mgodi ukauzwa, nusu kwa Serikali ya Tanganyika, nusu kwa wale wale De Beers aliowakatalia enzi za uhai wake.