Edgar Codd na Sufuri Isiyo Kweli

Mkulima mdogo wa Kericho au Bomet hupeleka majani mabichi ya chai kituoni, yakapimwa, na kilo zake zikaandikwa. Malipo yake ya mwezi na bonasi yake hutegemea tarakimu hizo. Tuseme siku moja mizani imeharibika, karani akaacha nafasi ya kilo wazi, na tarakilishi ikajiandikia sufuri kwa kuwa ndivyo ilivyoamriwa. Jedwali sasa ladai kwamba mkulima hakuleta kitu, ilhali alileta. Thamani hiyo inayojijaza yenyewe huitwa chaguo-msingi. Ajabu ni kwamba mtu aliyetuonya juu ya hatari yake ndiye aliyeasisi mfumo wa majedwali hayo.

Edgar Frank Codd alizaliwa mwaka 1923 katika kisiwa cha Portland, Uingereza. Alisoma hisabati na kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford, akawa rubani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha mwaka 1948 akahamia Marekani na kuajiriwa na kampuni ya IBM. Mwaka 1953 alihamia Kanada, akiwa amechukizwa na msako wa Seneta Joseph McCarthy dhidi ya walioshukiwa kuwa wakomunisti. Zilikuwa siku ambazo mtu aliyekataa kujibu maswali alihesabiwa na wengi kuwa mwenye hatia. Baadaye alirejea Marekani, na mwaka 1965, umri wake ukiwa umepita miaka 40, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Michigan.

Mwaka 1970, akiwa mtafiti wa IBM huko San Jose, Codd alichapisha makala iliyopendekeza kwamba taarifa zipangwe katika majedwali ya safumlalo na safuwima, ili mtumiaji aulize atakalo bila kujua zimehifadhiwa vipi ndani ya mtambo. Waajiri wake walijikokota kuipokea fikra hiyo, kwani walikuwa wakiuza mfumo mwingine. Hata hivyo ilishinda, na mwaka 1981 alitunukiwa Tuzo ya Turing.

Mwaka 1985 Codd alitoa kanuni zake mashuhuri. Kanuni ya tatu yadai kwamba taarifa iliyokosekana iwe na alama yake maalumu, isiyochanganywa na sufuri wala na nafasi tupu. Rafiki na mshirika wake wa kazi, Chris Date, alimpinga. Kwa maoni ya Date, alama hiyo huvuruga mantiki ya majibu, na chaguo-msingi ni afadhali. Mjadala wao ulichapishwa mwaka 1993, na wataalamu wangali wanabishana. Codd alifariki huko Florida mwezi wa Aprili 2003, akiwa na umri wa miaka 79, bila kubadili msimamo.

Mimi namwunga mkono Codd, ingawa si kwamba chaguo-msingi halifai kabisa. Tarehe ya kuandikisha yaweza kujijaza, maana mtambo waijua. Lakini tufikirie daftari la wakulima ambalo mwaka 1990 lingeamriwa kujaza Kericho katika safuwima ya wilaya. Mwaka 1992 Bomet ilimegwa kuwa wilaya yake. Tangu siku hiyo daftari lingesema uongo kwa kila mkulima wa Bomet ambaye wilaya yake haikuandikwa, na hakuna ambaye angeonekana amekosea.

Sisi walimu tunalo jedwali letu, nalo ni orodha ya alama. Mwanafunzi aliyekosa mtihani kwa sababu ya ugonjwa si sawa na aliyeufanya akapata sufuri. Tukimwandikia sufuri, wastani wake utashuka, nafasi yake darasani itashuka, na mwaka ujao hakuna atakayekumbuka kwamba alikuwa kitandani. Tuiache nafasi hiyo na alama ya kukosekana mpaka tumwulize. Wahenga walisema kuuliza si ujinga.