Shackleton: Kiongozi aliyesema na watu wake

Mvumbuzi Ernest Shackleton alizaliwa Ireland mwaka 1874. Oktoba 1915, barafu ya Antaktika iliiponda meli yake, Endurance, ikamwacha yeye na wenzake 27 mbali na msaada wowote.

Hakuwaficha ukweli. Aliwakusanya, akawaeleza kwa utulivu kwamba meli imepotea na lililobaki ni kurejea nyumbani.

Wagumu hakuwatenga. Mpigapicha Frank Hurley, aliyependa kutukuzwa, alimlaza katika hema lake mwenyewe na kumtaka ushauri, manung'uniko yasije yakaenea.

Agosti 1916 aliwaokoa wa mwisho waliokwama kisiwani Elephant. Wote 28 walinusurika.

Alifariki South Georgia mwaka 1922. Habari mbaya, ambayo wakuu wengi huificha, yeye aliitamka mapema, na watu wake wakamwamini.