Marie Curie: Alibaniwa kwao, akatokea Paris

Tangu nimalize fomu foo nikakosa nafasi ya kuendelea, napenda sana kusoma habari za watu waliobaniwa. Leo ni zamu ya Maria Skłodowska, ndo huyo tunayemjua kama Marie Curie.

Alizaliwa Warsaw mwaka 1867, Poland ikiwa imegawanywa na wakubwa. Chuo kikuu cha pale hakikuchukua wanawake. Basi akapatana na dada yake Bronisława: Maria afundishe watoto majumbani kwa watu, hela amtumie dada asomee udaktari Paris, kisha dada naye amvute. Jamani, alisubiri miaka! Aliondoka mwaka 1891.

Alipopata shahada alijaribu kurudi afanye kazi chuoni Kraków, wakamkatalia kisa mwanamke. Akarudi zake Ufaransa. Mwaka 1898 yeye na mumewe Pierre wakatangaza elementi mbili mpya. Moja wakaiita poloniamu, kwa jina la nchi ambayo haikuwepo hata kwenye ramani. Ya pili ni radiamu, na namna ya kuitoa kwenye mawe hawakuifanya siri ya biashara. Akachukua Nobel mbili, 1903 na 1911.

Mwaka 1932 taasisi ya radiamu ikafunguliwa Warsaw, mkurugenzi wa kwanza Bronisława. Maria alifariki 1934, damu imeharibiwa na mionzi ileile.

Mimi kilichonigusa si Nobel, ni yale mapatano. Mdogo wangu yuko fomu tuu, nimeamua vibarua vyangu vimlipie ada kwanza. Nyie mngekubali kutangulia kusubiri?