Abati Johannes Trithemius: Mtawa Aliyefundisha Kutunza Siri

Tarehe 13 Desemba Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Lusia, bikira na shahidi. Siku hiyo hiyo, mwaka 1516, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, alifariki abati mmoja wa Shirika la Mtakatifu Benedikto aitwaye Johannes Trithemius. Hajatangazwa mtakatifu, na jina lake halimo katika litania zetu. Lakini kila mara simu inapokuambia kwamba ujumbe wako umefumbwa ili mwingine asiusome, unatumia elimu ambayo mtawa huyu alikuwa mmoja wa waasisi wake.

Alizaliwa mwaka 1462 katika kijiji cha Trittenheim, kando ya mto Mosel. Baba yake alifariki Johannes akiwa bado mtoto mchanga. Mama yake aliolewa tena, na baba wa kambo hakutaka kusikia habari za masomo. Kijana alijifunza kusoma kwa kujificha, usiku, kwa msaada wa jirani. Alipokua alitoroka nyumbani akaenda kutafuta elimu, hata akafika Heidelberg.

Januari 1482, akiwa safarini kurudi kwao, theluji nyingi ilimkamata njiani. Akabisha hodi katika monasteri ya Sponheim ili apate hifadhi. Aliyeingia kama mgeni hakuondoka tena, bali aliomba kupokelewa utawani. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 21 tu, watawa wenzake walimchagua kuwa abati wao.

Monasteri ilikuwa maskini, majengo yamechakaa na nidhamu imelegea. Abati kijana alijenga, akarekebisha, akawarudisha watawa kwenye sala na kazi. Zaidi ya yote alipenda vitabu. Alikuta vitabu visivyozidi hamsini, na katika miaka ishirini na kitu akafikisha zaidi ya elfu mbili. Wasomi walitoka mbali kuja kuisoma maktaba yake. Wakati huo mashine za kuchapa zilikuwa zimeanza kuenea Ulaya, naye akaandika kitabu cha kusifu kazi ya kunakili kwa mkono. Hata hivyo kitabu hicho alikipeleka Mainz kikachapwa kwa mashine! Hakuichukia teknolojia mpya. Alichoogopa ni mtawa kupoteza utulivu na uvumilivu ambao kazi ya mkono humfundisha.

Sasa tuje kwenye jambo lililompa sifa na machozi. Trithemius alichunguza namna ya kuandika barua ambayo mtu mwingine akiisoma haoni kitu. Tuchukue mfano wa Kiswahili. Mtu anaandika: “Habari, Anna. Mama amefika.” Ni salamu ya kawaida tu. Lakini chukua herufi ya kwanza ya kila neno, utapata “hama”. Anayejua kanuni ataelewa, asiyeijua atapita. Trithemius alibuni njia nyingi za namna hiyo, ngumu kuliko huu mfano wetu, akaziandika katika kitabu alichokiita Steganographia.

Mwaka 1499 alimwandikia barua rafiki yake Arnold Bostius, mtawa Mkarmeli wa Ghent. Kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo, alijisifu kidogo: kwamba angeweza kupeleka ujumbe mbali bila maandishi wala mjumbe, na maajabu mengine. Barua ilipofika, Bostius alikuwa amekwisha fariki. Wengine wakaifungua, wakaisoma, nakala zikaanza kuzunguka. Watu wakauliza ni nguvu gani hiyo inayofanya kazi hivyo kama si ya mapepo.

Naye aliongeza kuni motoni. Ndani ya kitabu alizivika kanuni zake vazi la majina ya roho na maneno ya kuziita, ili wasiohusika wasielewe. Msomi Mfaransa Charles de Bovelles, aliyemtembelea na kukiona kitabu, alirudi kwao akamtangaza kuwa mtu wa uchawi. Trithemius alikana maisha yake yote, na kitabu hakukichapa. Mwaka 1505, akiwa safarini, watawa wa Sponheim waliochoshwa na ukali wake walimwasi. Hakurudi tena kwao. Aliiacha maktaba aliyoikusanya maisha yake yote, akapewa monasteri ndogo ya Mtakatifu Yakobo huko Würzburg.

Huko Würzburg alimaliza kitabu kingine, Polygraphia, akakitolea kwa Kaisari Maximilian I. Safari hii aliandika waziwazi, bila majina ya roho. Ndani yake kila herufi hubadilishwa kwa neno la Kilatini la kumsifu Mungu, hata ujumbe wa siri ukisomwa unasikika kama sala. Tena kuna jedwali la herufi 24 katika mistari 24: herufi ya kwanza ya ujumbe hubadilishwa kwa mstari wa kwanza, ya pili kwa mstari wa pili, na kuendelea. Hivyo herufi ile ile haibadilishwi kwa namna ile ile kila mara, na mdukuzi hupata shida kubahatisha. Kitabu kilichapwa mwaka 1518, yeye akiwa kaburini. Ndicho kitabu cha kwanza cha elimu hiyo kuchapwa kwa mashine. Mwaka 1553 Mwitalia Giovan Battista Bellaso aliongeza juu ya jedwali hilo neno la siri wanalolijua wawili tu.

Steganographia nayo ilichapwa mwaka 1606, na mwaka 1609 ikaingizwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa na Kanisa. Wachunguzi wa baadaye walionyesha kwamba sehemu mbili za kwanza ni mafumbo ya herufi tu. Sehemu ya tatu ilingoja hadi miaka ya 1990, ndipo Thomas Ernst na Jim Reeds, kila mmoja kwa njia yake, wakaonyesha kwamba nayo ina ujumbe uliofichwa kwa tarakimu.

Tusimpake mafuta marehemu. Trithemius alikuwa na kosa zito: katika historia ya Wafranki alimtaja mwandishi wa kale aitwaye Hunibald, ambaye wanahistoria wanakubaliana kwamba alimtunga mwenyewe. Kaisari alipotaka kukiona kitabu hicho, hakikuonekana. Kutunza siri ni fadhila, kutunga uongo ni dhambi, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Ndugu mseminari, nawe mpendwa muumini, itazame tena ile barua ya Ghent. Haikuibiwa njiani. Ilifika salama, ila aliyeifungua siye aliyeandikiwa. Ndivyo ilivyo hata leo. Programu ya simu inaweza kuufumba ujumbe njia nzima, lakini haiwezi kumzuia mtu kupiga picha ya skrini, kuusambaza kwenye kundi, au kuikuta simu yako mezani bila neno la siri. Muumini anapomwambia padre au katekista shida ya ndoa yake, anakabidhi maisha yake. Siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote, wala haiandikwi popote. Na mengine yote tunayoaminiwa nje ya kitubio, kabla ya kuyaandika tujiulize: nikifa usiku huu, nani ataifungua simu yangu kesho, na ni nani atakayeaibika?