Maisha ya Tippu Tip, tajiri wa pembe

Mwezi huu sisi wa mwaka wa mwisho tulitafuta kitabu cha kutufundisha njia ya feza, tukaangukia maisha ya Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip. Aliyaandika yeye mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mdachi Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903.

Alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837. Alipokuwa na miaka 12 alianza biashara ya sandarusi, lakini wakubwa walimpa mzigo mdogo tu. Baadaye akafuatana na baba yake mpaka Tabora. Baba akataka kumkabizi mtu mwingine mali. Kijana akakasirika sana, basi baba akamwachia yeye.

Akavuka ziwa letu hili la Tanganyika mpaka Urua. Huko wenzake waligombania pembe kubwa kubwa, bei ikapanda. Yeye akanunua zile ndogo, bei rahisi, na faida ikawa yake. Hapo tuliweka kitabu chini, tukachekana. Maana sisi tukipata franga kidogo, tunakimbilia kile kile kila mtu anakimbilia!

Jambo la pili ni deni. Taria Topan, tajiri Mhindi wa Zanzibar, alimkopesha vitu vya biashara, naye akaaminiwa hata alipokaa bara tangu 1870 mpaka 1882. Feza aliyopata hakuiacha ilale, alinunua mashamba ya karafuu.

Lakini kuna ukurasa mmoja ulitunyima usingizi. Mwaka 1867, kule Itawa, kusini-magharibi ya ziwa, alipigana na mtemi Nsama akamshinda. Akachukua pembe frasila 1,950. Hizo hakuzinunua, apana. Na watu walitekwa pia. Rumaliza wa Ujiji, aliyeshirikiana naye katika biashara, alileta watu wake mpaka huku kwetu Uvira. Mwisho wao wawili walishitakiana juu ya mali.

Tippu Tip alipata mashamba 7 na watumwa maelfu, akafa Zanzibar mwaka 1905.

Mmoja wetu akachukua kalamu. Frasila moja ni karibu kilo 16, basi zile 1,950 zinapita tani 30. Mtu mmoja akibeba frasila mbili, ni mabega karibu 1,000. Tulitafuta majina yao katika kitabu, hatukuyaona.