Rafiki wa Njiani

Soma Mithali 17:17.

Chauncy Maples alizaliwa Uingereza mwaka 1852. Mwaka 1876 alifika Zanzibar akiwa mmisionari wa Kianglikana, na mwaka uliofuata akapelekwa Masasi, kwenye kijiji cha watu waliokombolewa utumwani.

Siku zile msafiri alikwenda kwa miguu, na jua likizama alilala kwa mwenyeji. Maples aliizoea safari ya namna hiyo. Aliwatembelea Wamakua na Wayao vijijini mwao, akajifunza kusema nao; mwaka 1879 kikatoka kitabu chake cha lugha ya Kimakua. Miongoni mwa marafiki aliowapata alikuwa Matola, mkuu wa Wayao wa Newala.

Septemba 1882 Wangoni walivamia Masasi, wakaua watu na kuchukua mateka. Kijiji kikatawanyika. Maples akahamia Newala, kwa Matola, akaanza kazi upya chini ya ulinzi wake. Baadaye alikwenda Likoma, katika Ziwa Nyasa. Mwaka 1895 aliwekwa kuwa askofu, na mwaka huohuo dhoruba ikapindua mashua yake, akafa maji.

Urafiki uliomsitiri siku ya taabu ulijengwa siku za amani. Leo twatoka Chiungutwa kwa gari na kufika Newala siku hiyohiyo, tukiipita milango ya ndugu bila kupiga hodi.

Tafakari: Ni nani aliye njiani kwako, ambaye hujamtembelea kwa muda mrefu? Utapiga hodi kwake lini?